Kidomo

Daktari wa meno wa Todmorden alifanya kazi safi,
sina lawama. Ila jino la mbele si langu tena,
na tangu Pasaka kidomo changu cha zamani
kinanikalia mdomoni kama mgeni asiyeaga.
Noti za juu zinavuja. Za chini zinakohoa.
Alhamisi, mazoezini, kondakta aliinua unyusi mmoja,
nikaelewa.

Basi Jumamosi nikapanda basi hadi Halifax,
yufoniamu magotini kama mtoto anayepelekwa kliniki,
dukani kwa Bi Thelma Greenwood, orofa ya tatu
ya kiwanda kilichokuwa kikisokota sufu.
Lifti imekufa. Ngazi sabini na mbili, nilizihesabu,
maana pumzi ndiyo niliyokuja kuitumia.

Akavuta droo. Mungu wangu!
Vidomo thelathini na kitu juu ya mahameli nyeusi,
vyeupe kwa fedha, viwili vitatu vya dhahabu,
kila kimoja na namba yake shingoni kama mfungwa.
"Chagua," akasema.
Neno lenyewe lilinishinda.

Kwa sababu kule Kakamega, bendi ya Jeshi la Wokovu,
kidomo kilikuwa ni kile kilichopo.
Kimoja, vijana watatu: mimi, Asava na Luvai.
Ukimaliza zamu yako unakifuta kwa pindo la shati,
unampa mwenzako kikiwa bado na joto lako.
Asava midomo minene, Luvai myembamba kama bahasha,
na hakuna aliyewahi kuuliza milimita ngapi.
Tulijikunja sisi. Chuma hakikujikunja.

Cha kwanza, kipana: noti ya chini ikatoka nzito
kama uji wa wimbi, nikafurahi, nikapanda juu,
pumzi ikaniishia njiani kama ile lifti.
Cha pili, kikombe kifupi: kidomodomo kweli kweli,
kinasema kabla hujakituma.
Cha tatu mkia wake ulicheza ndani ya bomba
kama mguu ndani ya kiatu cha kuazima.
Akakirudisha bila kukitazama.
Cha nne. Cha tano. Cha sita, ukingo mkali,
kiliniachia duara jekundu, muhuri wa posta.
Kila mara spiriti, kitambaa, harufu ya wodi.
Kufikia cha kumi nilishakuwa kiziwi:
vyote vilitoa sauti moja, yangu,
nayo ilikuwa imechoka.

"Midomo ni nyama," akasema. "Kaa."
Akamimina chai. Mvua ilikuwa ikitambaa juu ya kioo cha paa.
Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamtaja Kapteni Amugune,
aliyekuwa akitupigisha noti moja, ndefu,
mpaka jogoo wa jirani akereke.
Alicheka hadi akatua kikombe.

"Sasa geukia ukuta. Nitakupa mkononi.
Usitazame namba."

Kikaja kimoja. Kizito kidogo. Ukingo mpole,
uliopita juu ya jino la daktari bila kuuliza habari zake.
Nikapiga mstari wa kwanza wa tenzi ya maziko,
na noti ya nne, ile inayonikimbia tangu Pasaka,
haikukimbia. Haikuwa nzuri. Ilikuwepo.
Nyuma yangu Bi Thelma hakusema neno,
ila kijiko chake kiliacha kukoroga.

Kumbe kimetumika, kina mchubuko ubavuni,
na ndicho nilichokiruka asubuhi kwa kuona ni kibaya.
Pauni thelathini na tano. Nikaomba punguzo.
Akakataa. Nikalipa.

Kurudi nilikaa orofa ya juu ya basi,
kidomo mfukoni, nakipasha moto kwa kiganja,
maana huku chuma baridi kinauma kama mbwa.
Karibu na Hebden Bridge nikashindwa kujizuia.
Nikakitia mdomoni, kitupu, bila yufoniamu,
nikavuma kama nyuki ndani ya chupa.
Mtoto wa kiti cha mbele akageuka,
akanitazama vizuri,
akabana midomo yake,
akajibu.