Dakika Arobaini na Moja

Usiku wa nne mlimani, chai imepoa haijanywewa.
Ergash anasema ni feni ya kamera inayotikisa vipimo.
Tumezima feni.
Nukta bado inang'aa, inafifia, inang'aa, inafifia,
kama mtu anayegeuza uso dirishani:
vilele viwili, mabonde mawili, dakika arobaini na moja,
kisha upya.

Haiwezekani, anasema, kwa kitu kikubwa kama kilima.
Naye anajua. Mawe mengi ya huko juu ni kifusi,
changarawe na vumbi vilivyoshikana kwa uvutano tu,
uvutano dhaifu, mtoto angeruka asirudi.
Kifusi kikijizungusha kwa muda usiofika saa mbili na ushei
kinamwagika. Ukingoni mawe yanaaga,
na lililokuwa moja linakuwa mawili, au vumbi.

Mimi nimezaliwa Rishton, nyumba ya vyungu.
Baba alinikalisha kwenye gurudumu nikiwa na miaka saba,
nikalipiga teke kwa nguvu zote za ujinga wangu.
Udongo ukaniruka, ukanata ukutani,
uko pale hadi leo, bapa kama mkate.
"Hukuukanda," akasema. Hakusema, "Umekwenda mbio."
Jioni tulikula gaeni, wafinyanzi tulivyo.

Nani basi kalipiga teke jiwe hili?
Jua.
Jua lile lile linalokausha zabibu juu ya mapaa yetu.
Upande wa mchana hunywa joto, ukigeuka huliachia,
pumzi ndogo mno, lakini jiwe lina pua na mabega,
pumzi haitoki sawasawa, basi inasukuma,
ncha ya kidole kwenye ukingo wa gurudumu,
miaka milioni juu ya milioni, bila kukusudia.
Mengine hupunguziwa mwendo hadi yakasinzia.
Hili limefanywa pia.

Na halikumwagika.
Si kifusi, basi. Labda ni pande la chuma,
moyo wa sayari iliyovunjwa zamani isiyo na shahidi,
au ni vumbi lenye gundi tusiyoijua.
Ergash anahesabu upya, penseli mdomoni, hanitazami.

Saa mbili asubuhi nitampigia baba,
akishafungua tanuri.
Nitamwambia nimeona kitu kilichokandwa kikakandika.
Najua hataniuliza ni kikubwa kiasi gani wala kiko mbali vipi.
Ataniuliza
kilichomwa kwa kuni gani.