Dakika Sabini na Tano

Saa ya ukutani ilikufa mwaka juzi,
mshale mfupi kwenye nane, mrefu kwenye mbili,
na hata ikiwa maiti bado inabishana nasi:
namba inasema nane, kinywa kinasema mbili.
Basi nimekata kifuniko cha ndoo,
mishale nimeichonga kwa kijiti cha ufagio,
msumari katikati. Hii haifi, nawaambia,
maana haijawahi kuwa hai.

Darasa la Tatu B, Newala. Ukungu
umeegemea dirisha lisilo kioo.
Naandika ubaoni:
Mama Nantumbu alitoka Kitangari saa 3:40 asubuhi.
Akafika sokoni saa 5:15. Alitumia muda gani?

Mfaume ndiye wa kwanza, daima ndiye wa kwanza,
mkono juu mpaka kwapa la shati linaachia uzi.
“Saa moja na dakika sabini na tano!”
Hizo sabini na tano, namuuliza,
umezibeba kwa mfuko gani?
Saa haishiki zaidi ya sitini,
ni kama kibaba, ukizidisha inamwagika.
Akaitazama kaptula yake. Kweli, alitazama mifuko.

Kosa ni langu. Mwezi mzima nimewafundisha kukopa:
nenda kwa jirani, chukua kumi, rudi.
Leo jirani anatoa sitini
na sikuwaambia kuwa huyu ni jirani mwingine.

Tukatoka nje. Kwenye mchanga mwekundu
nikavuta mstari kwa kisigino,
korosho mbovu moja kwa kila saa
(nzima zinaliwa, nawajua).
Shaweji, simama kwenye tatu na arobaini.
Usitoe. Usikope. Tembea.
Hatua mpaka nne kamili: “Ishirini!”
Ruka mpaka tano: “Saa moja!”
Kihatua cha mwisho: “Kumi na tano!”
Sasa rudi uziokote, kama mtu
aliyedondosha vitu njiani.
Saa moja, dakika thelathini na tano.
“Afadhali,” akasema Mfaume, “hizi zinaenea.”

Nikawapa ngumu. Kutoka saa 11:30 jioni
mpaka saa 2:10 usiku.
Wakaguna. “Mwalimu, mtu huyu
amerudi kabla hajaondoka!”
Mstari wangu nao ulikuwa umeishia kwenye kumi na mbili,
mbele yake ni ukuta wa choo.
Kimya. Halafu Hawanje, ambaye
hata akiitwa jina huitika kwa kunong’ona:
“Asubiri adhana.”
Adhana ipi?
“Ya magharibi. Ni nusu saa.
Halafu aanze kuhesabu usiku.”
Adhana haigongi kumi na mbili kamili, najua,
lakini nilinyamaza.
Miaka kumi na sita ya chaki
na sijapata kulisema vizuri hivyo.

Kazi ya nyumbani: kila mtu atunge swali lake.

Jumatano jioni, taa, madaftari.
La Somoe lina doa la maji kwenye jalada.
Bibi alitoka na ndoo saa 10:50 alfajiri kwenda bombani.
Alirudi saa 2:25 asubuhi. Alitumia muda gani?
Chini, kwa mwandiko unaopanda mlima:
dakika 10, saa 1, saa 2, dakika 25.
Jibu: saa 3 na dakika 35 na nusu ndoo.

Kalamu nyekundu ikasita hapo kwenye nusu ndoo.
Kipimo hicho hakimo kwenye mtihani.
Nikaweka vema. Nikaweka na ya pili,
ndogo, pembeni, mkaguzi asiione.

Lililofuata ni la Mfaume.
Baba alikwenda chama cha msingi
kuuliza pesa za korosho saa 2:00 asubuhi.
Akarudi saa 9:20 mchana, wamemwambia njoo kesho.
Akaenda kesho. Tafuta muda.

Asubuhi niliwahi shule kabla ya kengele,
nikatafuta mahali pasipo ukuta,
nikauvuta mstari upya, mrefu zaidi.