Maneno ya Jumanne

Kila Jumanne, kabla nyuzi hazijatolewa kwenye rangi,
nakaa kwenye benchi la mlangoni, Barabara ya Kumi na Mbili,
nina daftari, nina kalamu ya buluu,
nina deni la ukurasa mmoja.

Mhina, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyenitia humu.
"Shangazi, kikapu hakina mdomo. Kisemee.
Kila wiki andika, tutatoa nakala,
tutatia moja katika kila mzigo unaopanda basi."
Kisha akaenda zake shule.
Shilingi mia ya nakala nalipa mimi.

Wiki ya kwanza niliandika: Bidhaa bora, bei nafuu.
Nikasoma kwa sauti. Kumbe ndivyo alivyoandika kinyozi,
na muuza mabati, na yule wa sumu ya panya.
Nikafuta.
Wiki ya pili: Karibuni nyote, mteja ni mfalme.
Nikamkumbuka mfalme wa Ijumaa,
aliyebonyeza vikapu saa nzima kama achaguaye mafenesi,
akaomba maji, akanywa, akaenda.
Nikafuta.

Wiki ya tatu niliutazama ukurasa, nao ukanitazama.
Ndani, Mwanjaa anasokota katani juu ya paja,
hasemi kitu,
ila mkono wake haungoji neno zuri ndipo uanze.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Babu yetu alikuja Tanga kukata mkonge.
Walimpa kipande: siku thelathini za kazi,
kila siku alama moja ya karani.
Kusoma hakujua. Alijua kuhesabu alama,
na alijua karani akiruka siku.
Miiba ilimwandika miguuni,
maandishi madogo, meusi;
tulipokuwa watoto tuliyafuata kwa kidole,
tukimwuliza, Babu, hapa pamesema nini?
Naye: Hapo pamesema Pongwe.
Pale, Kigombe.

Basi sikuandika habari za kikapu.
Niliandika hivi:

"Wiki hii vikapu ni vitatu tu.
Mwanjaa amepasuka kidole gumba, cha kulia,
kile kinachobana ukingo. Rangi inamchoma.
Amekifunga kitambaa, anasuka na vinne.
Ukipapasa ukingo, karibu na mshikio,
utakuta mahali pamelegea kidogo.
Ni hapo. Tumepunguza elfu mbili."

Nilipomsomea, Mwanjaa alinuna.
"Unatangaza kidonda changu mpaka Korogwe?"
Akasokota. Akasokota tena.
"Na hukusema ni rangi gani.
Sema zambarau. Nyingine haziumi hivyo."
Nikaongeza zambarau.

Vikapu vikapanda basi. Siku nne, kimya.
Ya tano simu ikalia: mwanamke, sauti ya kukwaruza,
yuko Handeni, simjui.
Bei nimeishaishika ncha ya ulimi.
Hakuuliza bei.
"Kidole kimepona?"

Nikampelekea Mwanjaa simu.
Akajifuta mkono, akaishika kama chungu cha moto.
"Aa, kinaendelea, dada. Mafuta ya nazi nimepaka.
Ubani? Ubani sijajaribu."
Wakaongea mpaka salio la mwenzetu likakata.
Kikapu hakikutajwa hata mara moja.

Leo Jumanne nimekaa tena.
Benchi limelowa, mvua ya alfajiri imepita hapa.
Mhina ameniletea kalamu mpya,
anataka maneno ya kuvutia.
Naandika:

"Kidole kimepona. Ahsante, wa Handeni, kwa ubani.
Vikapu vipo sita.
Mwenye kile cha ukingo uliolegea
akirudishe, tutakikaza bure.
Lakini Mwanjaa anasema,
kama hakimwagi kitu,
akiache hivyo hivyo."