Mishono Minane kwa Inchi

Sindano hii imepinda kama ukucha wa paka.
Nimeikuta kwenye mtoto wa meza ya cherehani,
chini ya vifungo, chaki, na risiti za duka
lililofungwa kabla sijazaliwa.
Nikampelekea bibi barazani.
Aliishika kwa vidole viwili, akainusa.
"Ndizi," akasema. "Bado inanuka ndizi."

Mimi sikusikia harufu ila kutu.

Habari za vita hapa Bombo zina wenyewe:
fulani alifika Burma, fulani alirudi na mguu mmoja,
fulani medali yake aliibadilisha kwa mbuzi.
Babu Sebit Fadulmula hakupiga risasi hata moja.
Waliuliza kambini nani anajua kushona;
akanyoosha mkono, akidhani ni suruali.

Wakampeleka pwani, kwenye uwanja wa kikosi
cha ndege za manowari. Ndege za kitambaa!
Bibi anacheka mpaka leo. Mbawa mbili juu, mbili chini,
kamba katikati, kama kitanda kilichosimamishwa,
na jioni zinakunjwa ubavuni kama senene
usiku wa Novemba wakishachoka na taa.
Mwingereza alivuka bahari amevaa shati.

Kazi yake: kutafuta palipochanika.
Kiraka, uzi uliotiwa nta, mishono minane kwa inchi,
halafu ile dawa ya kukaza kitambaa kiwe ngoma,
dawa iliyonuka bogoya zilizoiva kupita kiasi.
Siku ya kwanza alitoka nje akakaa mchangani.
Wenzake walidhani ni kichwa. Kumbe ni nyumbani.

Ndani ya bawa, upande usioonwa na jua wala afisa,
alishona herufi saba ndogo: KALTUMA.
Rubani akamfuma, kijana, pua imebabuka,
Luteni Penrosi, kama babu alivyomtamka.
"Nini hiyo?"
"Namba ya fundi, bwana."
Penrosi akaisoma polepole, kwa midomo,
akasema ni namba nzuri, akaenda kunywa chai.

Jumanne zilitoka saba kuwinda nyambizi.
Alizihesabu zikirudi, kama mtu anavyohesabu kuku.
Sita.
Alikaa pale hata umande ukamlowesha.
Walimwambia ni injini. Waliandika injini.
Kwenye daftari la kikosi ipo tarehe, upo upepo,
lipo jina la kijana na wenzake wawili;
mshono haukutajwa, kwa wema wala kwa ubaya,
na hilo ndilo lililomla.

Akarudi Bombo. Akashona miaka thelathini na mmoja.
Kanzu zake zilichakaa zikaisha, mishono ikabaki.
Kaptula za shule alizivuta mbele ya dirisha,
akazifumua, akazishona upya,
mteja amesimama mpaka adhana ya magharibi.
"Fundi, ni kaptula tu. Mtoto haendi kuruka."
Hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni.

Habari ya jina alimwambia mkewe mara moja tu,
usiku wa Ramadhani, baada ya daku.
Bibi alikasirika. Siku tatu futari haikuwa na chumvi.
"Umenitosa baharini bila kuniuliza,
mimi ambaye hata ziwa la Entebbe nalitazama kwa mbali!"
Siku ya nne akauliza:
"Lakini uliandika vizuri?"
"Mishono minane kwa inchi."
"Haya," akasema, akarudisha chumvi.

Macho yake siku hizi yana ukungu.
Nimemtungia uzi kwenye tundu la sindano.
Ameniomba koti, lile la safari ya kesho,
amegeuza bitana, anapapasa pindo.
"Bibi, ndege ya kesho ni ya chuma."
"Nasikia."
"Unaandika nini?"
"Nipishe mwanga."