Kipande cha Mahameli

Mimi hushona nyeusi.
Mji huu wa Dundee unapenda nyeusi:
suti za mazishi, majoho ya mawakili,
suruali za wahudumu wa hoteli,
na zote hupita mezani kwangu, ghorofa ya tatu,
dirisha linaloutazama mto Tay
uliopauka kama shuka iliyofuliwa mara nyingi.

Kwa hiyo Rahma aliposema, "Mama, paka,"
sikusema hapana. Nilisema, "Manyoya."
Akanuna siku tatu. Ya nne akaja na daftari.
Wapo, akasema, wasiopukutika sana.
Ameorodhesha majina yao kwa kalamu ya kijani,
bei pembeni; moja nilidhani ni namba ya simu.

Nikakata kipande cha mahameli, nyeusi tititi,
shubiri kwa shubiri, nikakitia mkobani.
Mahameli haimfichii mtu siri.
Kila tulikokwenda nilimwomba mwenye paka:
mlaze hapa dakika kumi, kisha tuhesabu.

Wa kwanza, kule Broughty Ferry,
alikuwa uchi kama kuku aliyenyonyolewa,
kavishwa fulana, kajibandika kwenye hita.
Nilimgusa: joto la mkate wa sasa hivi.
Rahma alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Manyoya juu ya mahameli: sifuri.
Ila alipoinuka aliacha duara la mafuta,
kama kitumbua kilichosahauliwa juu ya gazeti.
"Huogeshwa kila wiki," mwenyewe akasema.
Nikaiwaza hariri ya maharusi, nikaaga.

Wa pili, wa Siberia, mzito kama gunia la pamba,
koti lake bitana juu ya bitana.
Bwana Petrie aliapa kuwa huyu hasumbui vifua,
hata wenye pumu humkumbatia.
Sikufuata kifua, baba. Nimefuata kola.
Nilifika arobaini na moja, nikaacha kuhesabu.
"Ni kwa sababu baridi inaisha," akajitetea.
Baridi ya huku, ninavyoijua, huisha mara sita kwa mwaka.

Wa tatu, wa Bali: hariri tupu, mkia kama shungi.
Alikataa kulala. Alipita juu ya kitambaa changu
kama bibi harusi anayekwepa dimbwi,
akaacha manne tu.
Nilikuwa nimeshafungua pochi.
Rahma akanivuta ubavuni: "Hajanitazama hata mara moja."

Perth tulikwenda kwa basi, mvua ya ubavu.
Huyu ni wa Devoni, masikio makubwa
kama mifuko iliyobandikwa na mwanafunzi wa cherehani,
manyoya yamejikunja mwili mzima,
krepu iliyopigwa pasi na mtu mwenye hasira.
Hakungoja kulazwa. Aliingia mkobani mwenyewe,
akaikuta mahameli, akaikanda kwa kucha
kama anayetafuta mshono uliofumuka,
akalala.

Saba. Mafupi, yamepinda kama mkato wa sentensi.
Manne ni machache kuliko saba;
fundi asiyejua hilo hushona suruali za kufika magotini.
Rahma hakuitazama mahameli.
Alinitazama mimi, daftari limelowa, wino wa kijani
umemfika viganjani.

Tumelipa kwa awamu mbili. Jina lake Pindo.
Nina brashi, nina utepe wa gundi, nina sheria:
haruhusiwi mezani. Pindo ameisikia sheria hiyo
akiwa amelala mezani.

Jana wakili Lorimer alikuja mbio kuchukua joho.
Alipogeuka mlangoni, taa ya ngazini
ikammulika begani: mmoja, umepinda, mweupe,
mkato katikati ya nyeusi yote ile.
Nilifungua mdomo.
Alikuwa keshashuka, kesi yake saa nne,
visigino vikigonga ngazi moja moja,
nami nasimama na utepe wangu mkononi
nikivihesabu mpaka mlango wa chini ukafungwa.