Chumba cha Sita

Miaka kumi na tisa nakilinda chombo hiki cha maua.
Nimepewa kiti, simu ya upepo kiunoni, na amri moja:
mtu asikaribie kuliko urefu wa mkono.

Wengi hawakaribii. Hupita.
Husema "maua" kama mtu asemavyo "mvua,"
kisha huuliza choo kiko wapi.

Lakini Alhamisi, upepo ulipolifunga mapema soko la Middelburg,
aliingia Geertruid Poppe, muuza maua,
buti za mpira, vidole vimepasuka kwa maji baridi,
akasimama mbele ya picha
kama aliyeitwa kumtambua ndugu.

"Mwongo," akasema.

Nikainuka kitini.

"Mwongo huyu mchoraji. Tulipu ni ya Aprili.
Peoni husubiri Juni. Alizeti je? Mpaka Agosti!
Nimeuza maua miaka arobaini,
haya hayajapata kuonana hata siku moja."

Sikuwa na jibu. Mimi najua saa za kufungua na kufunga.

Akainama.
Akaiona glasi, maji yamefika nusu,
na vikonyo, pale vinapozama,
vimekatika, vimesogea kando kidogo,
kama vinavyokatika kila asubuhi ndooni mwake
bila kukatika.
Maji ndiyo yadanganyayo.
Mtu huyu, karne nne nyuma, aliunakili uongo wao
bila kuongeza wake.

Akanyamaza kitambo.
Nami nikamwonyesha mali yangu, kwa fahari ya mlinzi:
konokono chini ya jani, sisimizi wawili,
tone la umande lenye dirisha zima ndani yake,
na ukitazama sana, mawingu dirishani.

Hakuyajali mawingu.
"Hapa," akasema, "pamebonyezwa."
Petali ya peoni, ya tatu kutoka chini:
kovu la kahawia, jembamba, kama ukucha.
"Alilikata kwa pupa, kisu butu,
akalishika kwa dole gumba. Hivi."
Dole lake likaelea hewani, karibu na rangi,
karibu kuliko urefu wa mkono,
karibu kuliko urefu wa kidole.

Nikageuka kukikagua kizima-moto.
Kilikuwa salama.
Nikakikagua tena.

"Bei gani?" akauliza nyuma yangu.
Nikamwambia haliuzwi.
Akacheka, akafunga koti, akaenda zake,
akaniachia sakafuni nyayo za maji
na jani moja la mkalitusi.

Jioni, taa za ukumbi zilipozimwa, nilibaki na tochi.
Miaka kumi na tisa, na kovu lile sikuwahi kuliona;
nililidhani kivuli.
Nikanyoosha dole langu hewani, nikalipima.

Lilikuwa nene mno.
Lake lingeenea.