Deni la Mashine ya Kufulia

Nimekukuta kwenye karatasi ya benki, ukurasa wa tatu,
umekaa kimya kama mgeni aliyepitia mlango wa nyuma.
Karani, kijana Lundgren, tai imempinda shingoni,
alikugusa kwa ncha ya kalamu:
"Na hili, mama?"

Hili. Miaka sita na miezi mitatu.
Ulizaliwa hapahapa Duluth, dukani kwa Bwana Tveit,
mwezi wa Machi, theluji bado imelala vizingitini.
Mama yangu alikuwa haamki tena kitandani
na shuka zilikuwa tano kwa siku.
Nilitia sahihi bila kusoma. Nani husoma
huku mikono inamnuka mkojo wa mama yake?

Kukopa arusi, kulipa matanga, ndivyo wasemavyo.
Mimi arusi sikuiona. Nilikopea matanga yenyewe.
Nikalipa awamu kumi na moja, mama akafa,
duka likafungwa, Tveit akahamia kwenye jua la Arizona
na goti lake jipya,
nami nikajiambia: duka limekufa, na deni limekufa.

Kumbe deni halina kaburi.
Waliuziana wewe.
Ukabadilisha wenyewe mara tatu, ukanenepa njiani:
dola mia tatu arobaini na mbili
zikawa mia sita na kumi na nane.
Bahasha zilikuja. Niseme kweli, nilizijua
kwa kidirisha chao cha nailoni,
nikazisukumia droo ya betri na mishumaa,
nikaifunga kwa nyonga.

Shemeji yangu Dale, mjuzi wa kila kitu kisicho chake,
anasema: "Usilipe hata senti. Usipokee simu.
Miezi tisa tu, sheria italizika yenyewe.
Ukikohoa karibu nalo, litaamka."

Pengine ni kweli. Lakini ile nyumba ya njano kilimani
haina miezi tisa ya kunisubiri.
Bi Oberg anataka jibu
kabla barafu ya ziwa haijapasuka.

Basi Alhamisi, saa ya chakula cha mchana,
ndani ya gari, nje ya shule ninakopika,
nikapiga namba.
Nilijiandaa kwa simba. Nikapokelewa na mwanamke mwenye mafua,
Latrice, yuko Tulsa, anapenga kamasi mbali na simu.
"Mia nne leo, mama, na tunafunga faili."
"Barua kwanza," nikasema, kama Lundgren alivyonifunza.
"Maandishi, kisha pesa."
Kimya. Vidole kwenye kibodi.
"Hata mimi ningeidai barua," akasema chinichini,
halafu akairudia sauti yake ya kazi.

Ya kwanza ilikuja, nikatuma pesa.
Ya pili imefika leo.
Salio: sufuri.
Nimeisoma nimesimama, buti mguuni, maji yakichuruzika sakafuni.
Nilidhani ningecheka.
Nimekumbuka tu jinsi mashine ile ilivyotetemeka usiku
ikizungusha shuka, ikijisogeza kidogo kidogo
kama inayeutafuta mlango,
na mama, kutoka chumbani:
"Sirkka, ni nani huyo?"
"Ni mashine, mama. Lala."

Dawa ya deni kulipa. Sawa.
Lakini hakuna aliyeniambia
kwamba dawa hiyo nayo huchoma inaposhuka.

Benki haijajibu. Wiki mbili, anasema Lundgren, labda tatu.
Jana nilipita kilimani. Bi Oberg akanishusha chini ya ngazi,
akanionyesha mabomba mawili ukutani,
la moto na la baridi, yamezibwa kwa vitambaa.
"Hapa ndipo pa mashine," akasema. "Duka la mjini wanakopesha,
unatia sahihi tu."

Nikagusa bomba la baridi.
Nikahesabu kichwani kilichobaki pochini.

Nitafua kwa mikono hadi Septemba.